Siku Nilipowatafsiri Wakwe Zangu

Kuna njia pale Mabawe, ile ya nyuma ya mashine ya kusaga, ambayo siku hizi tunaipita mimi na mbuzi tu, kwa sababu njia kubwa ina watu, na watu hao karibu wote walikuwa ndani ya banda la video siku ile, na ambaye hakuwa ndani alisikia nje kupitia honi. Najua baadhi yenu mmeshaisikia habari hii ikiwa imetiwa chumvi (wapo wanaosema nilizimia, sikuzimia, nilikaa chini tu), kwa hiyo bora niisimulie mwenyewe, na mkicheka mcheke polepole, maana aibu yenyewe haijanitoka.

Kwa wasionijua, naitwa Evarist, kwetu ni Mbuba, nina shamba dogo la migomba na kahawa na nina mdomo. Shamba linanilisha siku za kawaida, mdomo unanilisha Jumapili. Mzee Gervas ana banda la video pale Mabawe, lenye mabenchi, pazia jeusi mlangoni, televisheni bapa ukutani, spika ndani na honi juu ya bati ya kuita wateja, na mimi ndiye mtafsiri wake. Nakaa kwenye kigoda pembeni ya televisheni na maiki mkononi, wale wa kwenye filamu wanaongea lugha yao, maandishi ya Kiingereza yanapita chini, mimi nayageuza Kiswahili palepale na kutia sauti, nikawa mzee, nikawa binti, nikawa bomu likilipuka.

Tulikuwa tunaonyesha mapigano kama mabanda yote, mpaka mwaka jana rafiki yangu wa Biharamulo aliponipa anime moja, katuni ya Kijapani, ambayo haina hata kofi. Ni watu tu wanaishi nyumba moja ya kupanga: bibi mwenye nyumba, fundi baiskeli anayependa usingizi, dada wawili wanaochelewa shule kila siku, na polisi asiye na mwizi wa kumkamata. Hakuna anayekufa. Kuna sehemu nzima wanatafuta mfuniko wa sufuria. Gervas alisema nitamfukuzia wateja, lakini mimi yule bibi nilimpa jina la Koleta, nikampa sauti ya mama mmoja anayeuza dagaa sokoni (ruhusa nilimwomba baadaye), na watu walicheka mpaka kina mama waliotoka misani wakaanza kuingia na vitenge vyao vya kanisani. Tuliiita Wapangaji. Ilipoisha, mtu akinikuta shambani haniulizi habari za kahawa, ananiuliza Bibi Koleta anarudi lini.

Sasa huku Wapangaji wanasubiriwa, mimi nilikuwa na jambo langu. Jovitha, fundi cherehani pale senta, alikuwa amekubali tuoane, na kwao Keza nilikuwa nimeshakwenda kujitambulisha pamoja na baba mdogo. Nilipokelewa vizuri, nisiseme uongo. Ila baba mkwe aliponiuliza kazi, nikajibu kwamba pamoja na kulima mimi ni mtafsiri, akafurahi akadhani ni mahakamani, na nilipofafanua kwamba ni wa katuni, alitazama mlangoni, halafu akasema, "Hiyo nayo ni kazi?" Wakasema watatupa jibu. Na jibu lenyewe kwao halitoki kwa baba, linatoka kwa shangazi yake Jovitha, Shangazi Konsolata, mwanamke ambaye akikutazama unakumbuka kila kitu ulichowahi kukosea.

Hapo ndipo nilipokuwa: roho juu, silali vizuri, nasubiri neno kutoka Keza, na msimu wa pili wa Wapangaji ukafika.

Ulikuja kwenye flashi, kwa kondakta wa basi la kutoka Biharamulo, Jumapili hiyohiyo asubuhi. Kwa kawaida kila filamu naitazama kwanza peke yangu kwenye simu, najua wapi pa kucheka na wapi pa kunyamaza, na hiyo ndiyo siri yote ya kazi hii. Siku hiyo muda ulikuwepo. Ningeikosa misa ya kwanza nikaenda ya pili, au ningemwambia Gervas tuanze saa kumi. Lakini nilijiambia hapana, hawa ni Wapangaji, nawajua kama ndugu, ngoja nami kwa mara moja nicheke pamoja na watu. Uamuzi wenyewe ni huo tu, mdogo hivyo.

Banda lilijaa mpaka watu wakakalia ndoo. Gervas alikuwa ametangaza tangu Ijumaa. Nikasalimia, nikasema Bibi Koleta amerudi, wakapiga makofi, picha ikaanza, na Bibi Koleta akapanda treni akaondoka.

Nilidhani ni mzaha. Nikawaambia watu, "Anarudi sasa hivi, amesahau mkoba." Hakurudi. Alikuwa anakwenda kumuuguza dada yake mji wa mbali, na walioitengeneza filamu waliona hiyo inatosha, wakamleta badala yake mpwa wake, binti mrembo wa macho makubwa ambaye kazi yake ilikuwa kucheka kila kitu mwenyewe ili sisi tusipate nafasi. Fundi baiskeli ameacha usingizi, anafanya mazoezi. Polisi amehamishwa. Hata uchoraji ulikuwa umebadilika, mtu anaongea mdomo tu unatikisika, uso mzima umetulia, mti wa nyuma hauna hata upepo. Ule mzaha wa kuchelewa shule waliurudia, wakaurudia tena, mpaka mimi niliyekuwa nautafsiri nikauonea haya. Moyoni niliumia kweli, maana niliwapenda wale watu, lakini huzuni hiyo ilibidi niikalie kwa sababu mbele yangu watu walikuwa wanaanza kubanguliana karanga.

Sehemu ya pili ndiyo iliyoniua. Wamekaa mezani wanakula. Wamekuja wageni, mzee mmoja na wanawake wawili, ndugu wa mpwa, na wanakula bila kusema. Maandishi hayapiti. Mtu anachukua tambi, anatafuna, anatazama dirishani. Mimi nimeshika maiki sina cha kutafsiri, jasho linanitoka, na nyuma mtu akauliza kwa sauti, "Huyu mtafsiri naye amerara?" (akimaanisha nimelala), wakacheka, lakini kicheko cha kunicheka mimi, na wawili watatu wakaanza kudai kiingilio chao. Gervas akaja ameinama, akanong'ona, "Evarist, watu wanaondoka. Sema kitu."

Ningeweza kusema ukweli. Ningesema ndugu zangu, msimu huu ni mbovu, ngoja niwawekee ya mapigano. Leo hii ningekuwa napita njia kubwa. Badala yake nilisogeza maiki mdomoni nikasema, "Wageni hawa mnaowaona wamekuja kusikiliza posa."

Banda likatulia. Nikaendelea. Sikutazama tena maandishi, hata yalipokuja, nilitazama picha tu na kichwani nilikuwa na ugeni mmoja tu wa posa ninaoujua vizuri, ule wa Keza. Yule mzee wa kwenye picha alifumba macho, nikasema, "Baba wa binti anawaza kwa kina, msimwamshe." Wakacheka. Mmoja wa wanawake akaongeza tambi, nikasema kwa sauti nyembamba ya puani, "Mimi kama shangazi siwezi kuamua nikiwa na njaa." Wakacheka zaidi, karanga zikawekwa chini, waliosimama wakakaa. Nawaambieni, hakuna utamu kama ule, ulikuwa umezama halafu unaanza kuelea, huwezi kuacha kupiga maji.

Ndipo yule mama wa pili akanyanyua kikombe kunywa, akakinyanyua juu sana, kitako kikaonekana.

Hapa inabidi niwaeleze jambo ambalo nyie wa kwetu mnalijua. Vyombo vyetu huzunguka. Mwenye ugeni huazima kwa majirani, na ili visipotelee kwa watu kila nyumba huweka alama yake chini ya chombo, rangi kidogo ya mlango au ya kucha. Siku ile Keza chai ililetwa kwenye vikombe vizuri vya udongo vyenye maua, na nilipomalizia changu niliona chini yake alama nyekundu, na cha baba mdogo nacho, na kwenye sinia, ambayo ni ya kwao, alama ilikuwa ya kijani. Kwa hiyo nilijua vikombe havikuwa vyao. Si kosa, wote tunaazima, na wote huwa hatusemi. Ukiiona ile alama unarudisha kikombe mezani kama hukuona kitu. Ndiyo adabu yenyewe.

Mimi nikasema kwenye maiki, na honi ikabeba mpaka barabarani: "Mama mkwe anakagua alama isije ikapotea, kesho vikombe vinarudi kwa wenyewe."

Banda lilipasuka. Kuna mama alipiga benchi kwa kiganja. Na jamaa mmoja mkata nyasi, mtu anayejua habari za kila mtu, akasema kwa nguvu, "Hayo ya Keza hayo," maana senta nzima ilijua nimekwenda wapi. Nami, Mungu anisamehe, nikajibu, "Sijataja mtu."

Wakati huohuo mtu aliyekuwa anaingia akafungua pazia, mwanga wa nje ukaangukia benchi la nyuma karibu na nguzo, nikamwona Jovitha. Alikuwa hacheki. Kushoto kwake alikaa Shangazi Konsolata, mikono imekunjwa, ananitazama mimi na si televisheni. Na kulia kwake, nyuma kabisa ya nguzo, palikuwa na mwanamke aliyejifunika khanga kichwani mpaka karibu na macho, na sikuhitaji kumwona uso kumjua. Kwetu mkwe na mama mkwe hawakai chumba kimoja wakatazamana, hata siku ya posa alinisalimia kupitia mlango wa jikoni. Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba Shangazi ndiye aliyemshawishi, walikuja waione kwa macho yao hiyo kazi ya mkwe kabla ya kutoa jibu, wakamkataza Jovitha asinidokeze, na mama alipokataa kuingia Shangazi akamwambia, "Mle ni giza, hamtaonana."

Pazia likafungwa. Nilitamani nitoke kupitia ukutani. Lakini katuni haikusimama kunisubiri, wale wageni walikuwa bado mezani na watu wananitazama wanataka nyingine, nikaona njia ya pekee ni kugeuza maneno polepole, niwasifie wale wageni mpaka aibu ifutike. Nikasema, "Ila hawa ni watu wa heshima sana." Palepale yule shangazi wa kwenye picha akajaza matonge mawili ya wali mashavuni. Wakacheka. Nikasema, "Baba wa binti ni mtu mwenye busara," na yule mzee akateleza usingizini akaanguka na kiti chake. Sasa watu walikuwa wanafuta machozi, wanadhani ndiyo ustadi wangu, kusifia kwa kejeli, na kila nilivyowasifia nilikuwa nazidi kuwazika. Nikasema, "Na mama mkwe ni mwanamke msafi, nyumba yake safi," na yule mama akapaliwa akamwaga chai yote kwenye kitambaa.

Basi nikaamua umeme ukatike. Waya wa televisheni unapita karibu na kigoda changu, nikaunyooshea mguu nikauvuta kama bahati mbaya, picha ikafa, giza likaingia, watu wakaguna. Nikashusha pumzi. Kilichonitoka akilini ni kwamba spika haziko kwenye waya huo. Nilifunika uso kwa mikono yote, na mkono mmoja una maiki, nikasema kutoka moyoni kabisa, "Mungu wangu, mama mkwe yumo humu."

Nilisikia sauti yangu ikinirudia kutoka nje, juu ya bati.

Hakuna aliyecheka hapo. Mtu mmoja akavuta pazia, mwanga ukaingia, na banda zima likageuka nyuma. Shangazi Konsolata alisimama taratibu, akajipangusa kitenge maganda ya karanga ya watu, akasema bila kupaza sauti, "Washa, mwanangu. Tumalizie. Nataka kujua kama binti anaolewa."

Nilitaka kusema shikamoo, nikajikuta sina sauti, mimi wa kuigiza mabomu. Hapo ndipo nilipokaa chini. Mama alikuwa ameshatoka, amejishushia khanga mpaka kidevuni, watu wanampisha njia, na Jovitha akamfuata bila kunitazama. Shangazi alitoka wa mwisho, akamlipa Gervas kiingilio cha wote watatu, na Gervas, kwa hofu, akapokea.

Kesho yake nilikwenda kwenye cherehani ya Jovitha. Alikuwa anashona sare za shule, hakusimamisha mguu. Nilimwambia nilikuwa natafsiri tu, msimu ulikuwa mbovu, watu walikuwa wanaondoka. Akakata uzi kwa meno, akasema, "Kwa hiyo ulipokuwa umekaa kwetu unakunywa chai, ulikuwa unatuangalia hivyo."

"Hapana, Jovi."

"Ulikuwa unaangalia chini ya vikombe."

Ni kweli, niliangalia. Akaniambia mama hajaongea na mtu tangu jana. Akaniambia na kingine ambacho sikukijua: nyumbani vikombe vipo, vya bati, vya kila siku, lakini mama alisema mkwe anayekuja ni mtu wa maiki, amezoea watu, hatuwezi kumpa bati, akazunguka mwenyewe kwa majirani kuazima. Nilisimama pale nikitazama sindano inavyopanda na kushuka. Nilijiona mdogo kuliko nilivyowahi kujiona, na hofu ya kumkosa Jovitha ilinishika.

Tulikwenda Keza wiki hiyohiyo, mimi na baba mdogo, kwa pikipiki, tumebeba pombe ya ndizi ya faini, nguo imegandia kwapani kwa jasho. Baba mdogo njia nzima hakunisemesha ila mara moja, "Ukifika kule usiigize." Baba mkwe alitupokea uani, akatuonyesha benchi. Shikamoo yangu iliitikiwa. Shangazi Konsolata alikuwepo, amekaa kwenye mkeka karibu na mlango wa jikoni, na ndani ya jikoni, kwenye kivuli, nilijua nani amekaa.

Baba mdogo akaanza maneno ya kuomba radhi, yale ya kizee, marefu. Shangazi akamkatiza kwa upole akasema aliyekosea ana mdomo. Kwa hiyo nilisema mwenyewe. Nilisema nilitukana nyumba iliyonipa chai. Nilisema sikuitazama ile katuni kabla, nikakosa la kusema, nikawachukua wao nikawatupa kwa watu ili watu wasiniache. Nilisema niliona alama nikatakiwa kunyamaza. Ilikuwa hotuba fupi na mbaya kuliko zote nilizowahi kutoa, na hakuna aliyenisaidia.

Kuku akapita. Shangazi akainuka akaingia jikoni, na nikasikia kunong'ona, kisha kimya, kisha kunong'ona tena. Nilitazama vidole vya miguu yangu nikahesabu kila kitu nilichokuwa nacho maishani, nikaona bila Jovitha hakijai kiganja.

Alipotoka alisema binti atatolewa. Baba mdogo akapumua kwa sauti. Faini imepokelewa, wazee wataitwa, taratibu zitaendelea, na mkwe aendelee na kazi yake maana ameiona, ni kazi, ila asiifanyie kwao. Nikaanza kushukuru, akaninyooshea mkono nisubiri.

"Mama yake ana neno," akasema. "Kasema nikwambie siku ile mle gizani alikuwa anacheka. Hajacheka hivyo miaka. Alinishika goti, akaniuliza, hawa watu wa wapi, mbona wanachekesha hivi. Mimi ndiye niliyemwambia ni sisi."

Tumefunga ndoa, Jovitha yupo, anacheka siku hizi, ingawa sijamwona akicheka ndani ya banda. Wapangaji nasikia wana msimu wa tatu na kwamba bibi amerudi. Watu wananiomba. Nimemwambia Gervas atafute mtafsiri mwingine wa huo, mimi nimebaki na mapigano, na hata hayo nayatazama kwanza mpaka mwisho, kisha nayatafsiri kama yalivyoandikwa, na mahali ambapo hawasemi kitu nami nakaa kimya na maiki yangu, watu wagune wanavyotaka.